Mita moja na nusu

Lenzi yangu ya kwanza ya kizamani ilinifanya nipige kelele sokoni kama kondakta wa daladala. Ilikuwa Jupiter-37A, ya Kirusi, milimita 135, chuma kitupu, nzito mkononi kama jiwe la mizani. Niliinunua kwa sababu kila mahali nilisoma kwamba lenzi ndefu inamtendea mtu haki usoni: pua haivimbi, masikio hayakimbilii kisogoni, na vitu vya nyuma vyote vinayeyuka. Ni kweli tupu. Nikaifunga kwenye Canon yangu, nikashuka Kivukoni alfajiri, nikamwomba mama mmoja anayekaanga samaki pale Feri nimpige picha. Akakubali. Akajipangusa jasho kwa pindo la kanga, akakaa vizuri juu ya ndoo yake.

Nikaanza kurudi nyuma. Nikarudi, nikarudi, mpaka mgongo ukagonga toroli la barafu. Tulikuwa tumeachana karibu mita nne, na katikati yetu wanapita wachukuzi wenye matenga, wanunuzi, na paka wa sokoni.

"Mama, geuka kidogo huku!"

"Unasemaje?"

"Huku! Kwenye mwanga!"

"Eee?"

Wenzake wakaanza kumtania, kwamba leo kapata mchumba wa mbali. Mama wa watu akakaza uso kama yuko kwenye foleni ya kitambulisho. Picha zilitoka safi, kila unywele unaonekana. Ila zote ni za mtu anayesubiri nimalize kumsumbua aendelee na samaki wake.

Hesabu ya kilichonipata niliielewa baadaye. Kamera yangu ina sensa ndogo (kile kibamba kinachopokea picha mahali pa filamu, siyo ile ya kuhesabu watu), ambayo inakata pembeni mara 1.6. Kwa hiyo milimita 135 inaona kama milimita 216 kwenye kamera ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa ya kimo cha filamu ya kawaida. Ukitaka kichwa na mabega tu, yaani kimo cha sentimita 60 hivi, lazima usimame mita 3.8 kutoka kwa mtu. Picha ileile, kwa lenzi ya milimita 55, unasimama mita moja na nusu. Na mita moja na nusu, ukiifikiria, ni umbali wa watu wawili waliokaa baraza moja. Unamsikia anavyopumua kabla ya kucheka. Unamuuliza habari za wajukuu bila mtaa mzima kujua.

Wakati nanunua, hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nahesabu ukali wa picha na idadi ya majani ya apacha, lile tundu la ndani linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga (Jupiter hiyo ina majani 12, na inachora duara zuri sana, sikatai).

Lenzi ya pili sikuinunua. Baba mdogo alisoma uhandisi Urusi miaka ya 70, enzi za Umoja wa Kisovieti, akarudi na kamera ya Zenit E ndani ya mfuko wake wa ngozi. Utotoni tulikatazwa hata kuisogelea. Siku nimemtembelea kwake Ilala nikamwambia nasaka lenzi za zamani, akainama, akavuta sanduku la bati uvunguni, akanipa kamera nzima.

"Chukua mwanangu. Mimi macho yameshanigomea."

Iliyokuwa mbele ya Zenit ile ni lenzi ya Helios 44-2, milimita 58, f/2 (hiyo f ni kipimo cha apacha: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Wanaopenda vitu hivi wanaijua. Ni mtoto wa Biotar, lenzi ya kampuni ya Zeiss ya Jena, Ujerumani. Baada ya vita vya pili vya dunia Wasovieti walichukua michoro, wakaanza kuitengeneza Krasnogorsk, karibu na Moscow, na mwanzoni waliiita BTK, yaani Biotar ya Krasnogorsk. Baadaye zilitoka nyingi sana, maana Zenit nyingi ziliuzwa nayo, ndiyo sababu mpaka leo si ghali.

Nilirudi nyumbani na mwendokasi nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Usiku nikawasha tochi ya simu, nikamulika kutokea nyuma ya kioo. Ndani kulikuwa na bustani. Nyuzi nyeupe, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, zimejigawa matawi kama mizizi ya mkoko. Fangasi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu wa Dar akisoma ushauri wa kuchagua lenzi ulioandikwa na mtu wa nchi kavu yenye baridi, ataambiwa mengi kuhusu ukali wa pembeni na hataambiwa hili. Sisi tunaishi ndani ya mvuke. Fangasi wa lenzi wanapenda unyevu unaozidi asilimia 60 hivi, giza, na hewa isiyotembea. Sanduku la bati uvunguni, mfuko wa ngozi, miaka 40 ya masika: ukitaka kuwafuga, hapo ndipo pa kuwafugia. Na hawachafui kioo tu. Wakikaa muda mrefu wanatoa asidi inayokula utando uliopakwa juu ya kioo, na alama hiyo haifutiki tena.

Fundi niliyempelekea, mzee ambaye amefungua kamera tangu enzi za filamu, aliipokea kwa mikono miwili, akaichungulia, akaguna. Siku nne baadaye akanirudishia ikiwa imesafishwa. "Mdudu nimemtoa," akasema, "lakini nyayo zake zimebaki." Na kweli, ukiangalia kwa pembeni unaiona michoro hafifu ya pale walipokaa. Jua likiwa nyuma yako, picha haionyeshi chochote. Jua likiwa mbele, picha nzima inavaa shela jeupe.

Fundi huyohuyo alinifundisha kununua. Siku ya pili nilikwenda naye dukani kabisa, mjini, kwenye kabati la kioo lenye lenzi za kila aina. Muuzaji akaniwahi: "Dada, hiyo mashine ya Mrusi, haifi." Fundi hakujibu kitu. Aliomba nne, akafungua apacha ya kila moja mpaka mwisho, akamulika tochi kutokea nyuma huku akiizungusha taratibu. Tatu akazirudisha. Taa za dukani zilikuwa zinazionyesha safi kama glasi za harusini.

Vumbi chembe tatu nne ndani halikumshtua. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele pia aliupuuza, ila wa kioo cha nyuma alisema ni ugonjwa, kwa sababu uko karibu na sensa na picha huuona. Mafuta kwenye majani ya apacha aliyapima kwa namna yake: kama ni lenzi ya aina ya Helios 44-2, ambayo unaifunga na kuifungua kwa mkono, mafuta kidogo hayana neno. Kama ni lenzi ambayo majani yake yanasukumwa na kipini yafunge yenyewe ghafla, mafuta yatayachelewesha. Mwisho akashika pete ya fokasi, ile ya kutafutia ukali wa picha, akaizungusha kwa vidole viwili akiwa amefumba macho kama anayeonja mchuzi. Ikiwa nzito sehemu moja na nyepesi sehemu nyingine, grisi imekauka. Ikicheza kushoto kulia, kuna aliyeifungua kabla yako na hakujua kuirudisha.

Hata ile ya nne hatukuinunua. Bei ilikuwa ya watalii.

Kuhusu kuifunga lenzi ya zamani kwenye kamera ya sasa, mambo ni mepesi kuliko watu wanavyotishana, ila kuna shimo moja. Helios, Jupiter yangu na nyingi za kundi lao zina mdomo wa kusokota wa milimita 42, M42, na zinataka kukaa milimita 45.46 mbele ya filamu. Canon za kioo, yaani zenye kioo cha kuakisi ndani ya kamera, zina nafasi ya milimita 44, kwa hiyo kinabaki kiasi kidogo cha kuweka adapta nyembamba, ambayo haina umeme wala kioo ndani, ni pete tu ya chuma. Nikon za kioo zina milimita 46.5. Pale tayari umeshazidi, na adapta ya kawaida itakupa picha za karibu tu, mbali kote ukungu. Rafiki yangu mwenye Nikon alinunua Helios kwa kunifuata mimi na akanilaumu mwezi mzima. Kamera zisizo na kioo, kama Sony zenye milimita 18, zinapokea karibu kila kitu.

Sasa twende kwenye kile ambacho Helios imejipatia jina: kizunguzungu. Vitu vya nyuma, hasa majani yanayopitisha mwanga, vinajikunja kumzunguka mtu kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Nilimchukua binamu yangu mpaka bustani ya mimea karibu na Makumbusho ya Taifa, nikamweka mbele ya miti, tausi wanapita, f/2, nikapiga. Kizunguzungu hakikuonekana. Kulikuwa na ulaini mzuri tu. Nilidhani nimepewa lenzi mbovu, kumbe kile kizunguzungu kinakaa pembeni mwa picha, na pembeni ndiko sensa yangu ndogo inakokata. Nikaazima fulu fremu ya mwenzangu, tukarudi palepale, majani mita chache nyuma yake. Kikaja chote.

Nikampelekea mama hiyo picha kwa furaha. Akaiangalia, akaikuza kwa vidole, akasema, "Mbona miti imelewa?"

Hakuuliza habari za binamu. Hakusema kapendeza wala kakonda. Na kila niliyemwonyesha picha zile alianza na miti. Tangu siku hiyo kizunguzungu nakitumia kama pilipili, na kwa mtu mzima aliyekaa kunipa uso wake sikitumii kabisa. Wako watakaobisha, na picha zao ni nzuri, lakini mimi nimeshaamua.

Watu wa Nikon wanapenda kunitajia Nikkor ya milimita 105, f/2.5, kwamba ndiyo iliyompiga yule msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, picha ya Steve McCurry ya mwaka 1984 iliyotoka kwenye jalada la National Geographic Juni 1985. Lenzi ile ni nzuri, nimeishika, na inaingia kwenye Canon kwa adapta bila shida. Lakini McCurry alitumia filamu ya fulu fremu. Kwenye kamera yangu 105 inakuwa kama 168, narudi karibu mita tatu, na tunaanza tena habari za toroli la barafu.

Lenzi ninayoitumia leo niliipata kwa mzee mmoja wa Magomeni aliyekuwa anafunga studio yake ya picha za pasipoti. Super-Takumar, milimita 55, f/1.8, ya Asahi wa Japani, waliotengeneza Pentax. Mzee alitaka shilingi laki moja na nusu, nikampa bila kuvuta, kwa sababu pete ya fokasi ilikuwa inateleza kama kisu kwenye samli. Nilipoimulika sikuona fangasi. Niliona rangi. Kioo kilikuwa cha njano, njano ya mafuta ya kupikia.

Hilo nalo lina historia yake. Baadhi ya Takumar za wakati ule zina kioo kilichochanganywa na thoriamu ili kipinde mwanga vizuri zaidi. Thoriamu ina mionzi kidogo, na kwa miaka mingi mionzi hiyo hukigeuza kioo chenyewe kuwa cha njano. Si uchafu, hakifutiki kwa kitambaa. Dawa yake ni mwanga wa urujuanimno, na dawa hiyo Dar inamwagwa bure kila asubuhi. Niliiweka ukutani uani saa moja mpaka saa tatu, kabla jua halijawa kali, nimeifunga mwili wote kwa karatasi ya alumini vikabaki vioo peke yake, maana chuma kikipata moto mafuta ya ndani yanalainika na kutambaa mpaka kwenye apacha. Shangazi alikuwa anaipitia na ndoo ya nguo, ananiuliza kama leo imeiva. Wiki ya tatu ilikuwa karibu nyeupe. Kama unaogopa mionzi: usikivunje wala kukisaga kioo, na usikifanye lenzi ya kuchungulia kwa jicho kutwa nzima. Kukitumia mbele ya kamera, mimi sikosi usingizi.

Kufokasi kwa mkono ndiko kulikonitesa kuliko yote. Kwa mita moja na nusu, f/1.8, sehemu iliyo kali kwenye kamera yangu haizidi sana sentimita tano. Jicho la karibu likiwa sawa, sikio limeshazama. Mtu akicheka, akayumba mbele kidogo tu, umempoteza. Na tundu la kuchungulia la kamera za kioo za siku hizi linakudanganya: limetengenezwa kwa lenzi za kawaida, halionyeshi wembamba halisi wa f/1.8, kwa hiyo unaona kali kumbe si kali. Nilinunua adapta yenye chipu inayolia pii ukifika. Inalia mapema, inalia umechelewa, inalia ikijisikia.

Nilichoishia kufanya ni hiki. Nafunga apacha mpaka f/2.8, ambapo napata sentimita nane hivi, na nyuma bado kunayeyuka. Mtu akiwa ametulia natumia skrini, nakuza jicho mara tano, nazungusha pete. Mtu akiwa mchangamfu naiacha pete ilivyo, halafu nasogea mimi mwenyewe, mwili mzima, mbele kidogo nyuma kidogo kama niko kwenye boti, nabonyeza jicho linapokuwa kali. Napiga tatu tatu. Kati ya 40 nikipata kumi nashukuru.

Zile sekunde za kuzungusha pete hazijai zenyewe. Mwanzoni nilinyamaza, nimekunja uso nyuma ya kamera, na mtu naye ananiiga. Sasa naongea. Shikamoo yangu haiishii mlangoni, naendelea: nyumba ni ya mwaka gani, nani aliipaka chokaa, ule mwembe ulikuwepo? Mzee mmoja wa Temeke alinieleza habari ya mashua ya baba yake mwanzo mpaka mwisho wakati mimi nalitafuta jicho lake la kushoto. Kwa mita nne nisingemsikia.

Mambo ya mwanga nitayapita haraka. Lenzi hizi zina utando hafifu, zinachukia jua la mbele, kwa hiyo nunua kofia ya mpira ya kuikinga lenzi na jua. Helios na Takumar yangu zote zina mdomo wa chujio wa milimita 49, kofia moja inatosha. Kwa upande mwingine, jua letu la saa saba linalochonga uso wa mtu mweusi kuwa paji linalong'aa na macho yaliyozama, lenzi ya zamani inalipunguza makali. Bora zaidi ni kivuli cha baraza, ukuta mweupe wa jirani ukirudisha mwanga. Na usimpeleke mtu Coco Beach jioni ukitegemea jua kuzama baharini. Bahari yetu iko mashariki, jua linazama nyuma ya nyumba za watu.

Nyumbani lenzi zote zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vijipakiti vya silika na kipima unyevu kidogo. Kikipanda juu ya 50 namwaga chembe za silika kwenye sufuria kavu, nazikausha kwa moto mdogo, nazirudisha. Mchele hapana, unatoa vumbi. Na ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi ibaki ndani ya begi imefungwa robo saa kwanza, la sivyo inatoka jasho kama chupa ya soda.

Jupiter nilimuuzia kijana anayepiga picha za mpira wa mchangani. Anaipenda. Helios ya baba mdogo siiuzi. Takumar nayo, tangu mwezi uliopita, pete yake imeanza kukaza karibu na alama ya mita mbili. Niliipeleka kwa fundi, akaizungusha amefumba macho, akanirudishia. Yeye hafungui lenzi mvua zikiwa zinanyesha, anasema unafungia unyevu ndani kwa mkono wako mwenyewe. Kaniambia nirudi Juni.